Byamungu, Mwana wa Joséphine

Jumapili, saa tisa alasiri. Mawingu yamekaa juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa tangu asubuhi, na hayataki kuvuka kuja kwetu. Uvira ni joto tupu. Nimetoka kanisani, nimekula ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, bila hamu, na sasa naandika kabla ujasiri haujaniisha.

Nianze kwa kuungama, maana leo sina nguvu za kuzungukazunguka. Nimemdanganya mtu ambaye hakunikosea kitu, na uongo wangu umenirudia nyumbani ukiwa umeandikwa kwa herufi kubwa kwenye barua.

Mambo yenyewe ni haya. Mdogo wangu Byamungu anaishi nje, katika nchi ya baridi. Mji wenyewe siutaji. Watu anaowafanyia kazi wamenikanya kwa ajili ya usalama wao. Alipelekwa huko kutoka kambi ya wakimbizi ya Burundi, akapata kazi ya usafi kwenye sinagogi, yaani nyumba ya sala ya Wayahudi. Asubuhi anafungua, anafagia, anapangusa viti, jioni anafunga. Mama alipowasimulia kina mama wenzake wa kanisa, mmoja alishangaa: "Wayahudi wa mu Biblia? Bado wako?" Mama akajibu kwa maringo, "Wako sana. Na mutoto wangu njo anafagia kwao."

Miezi minne iliyopita uliingia ujumbe kwenye simu yangu, namba ya nje nisiyoijua, Kifaransa kizuri kuliko changu. Mwandishi alijiita Madame Ruth. Alisema mtu mwenye silaha alikuja sinagogi siku ya sala, watoto wakiwa ndani wanasoma. Watu watatu walifunga mlango wakasimama mbele yake mpaka polisi wakafika. Wawili walikuwa wa zamu ya mlangoni, raia tu wanaojitolea: daktari wa meno na mzee mmoja aliyestaafu. Wa tatu ni mfagiaji wao. Huyo ndiye aliyeumia sana, amelazwa, hajitambui, na namba yangu wameikuta kwenye simu yake. Tunamwombea, akaandika. Tafadhali tupatie jina la mama yake.

Jina la mama yake!

Aliyekulia kwetu anajua ni nani anayeuliza jina la mama yako. Si padri wala si mwalimu. Ni mganga. Ukitaka kumfunga mtu, unampelekea mganga jina lake na la aliyemzaa. La baba haliwasaidii, kwa sababu baba ni wa kuambiwa. Tangu tukiwa wadogo mama alitukanya: popote mtakapoulizwa, semeni jina la baba, la mama liacheni nyumbani.

Halafu kuna hawa watu wa simu, wanaokuamsha asubuhi kukwambia ndugu yako amepata ajali mahali fulani, utume pesa haraka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeshaumwa mara mbili. Kwa hiyo sikuamini hata neno moja, na simu ya Byamungu kutopokelewa haikunishtua, maana huwa anapotea hata miezi miwili. Niliamini kuna mtu hapa hapa mjini, anayetuchukia, amepata namba ya nje na anamtafuta Byamungu kwa njia ya giza. Nilimshuku mpaka jirani tuliyegombana naye juu ya mfereji wa maji machafu. Wiki nzima nilikuwa nampita bila salamu, maskini, naye hajui kosa lake.

Siku ile nilikuwa nasahihisha kazi za jiografia za mwaka wa pili. Juu ya rundo kulikuwa na karatasi ya binti anayeitwa Riziki Joséphine, aliyeandika kinyume kabisa kwamba mto Rusizi unatoka ziwa Tanganyika na kumwaga maji ziwa Kivu. Nikamjibu Madame Ruth: mama yake anaitwa Riziki Joséphine. Nikajiona mjanja. Uchawi na uende huko, umtafute mama asiyekuwepo.

Haikunipitia kichwani kwamba, kama ungekuwa uchawi kweli, ungempata yule binti wa watu. Hilo nalo naliungama.

Madame Ruth alishukuru sana. Jumamosi hiyo akaandika: leo tumemwombea Byamungu, mwana wa Joséphine. Jumamosi iliyofuata, tena. Kila Jumamosi ujumbe ule ule, nami nacheka peke yangu nikisema, endelea tu, mama, utachoka.

Wiki ya sita simu ikalia. Sauti nyembamba ikasema, "Dada." Sikuitikia. Nikauliza: yule mbwa aliyekung'ata kule Kalundu, wa Mzee Kalume, aliitwa nani?

Akajibu: "Colonel. Dada, minye niko hospitali, weye unaniuliza mambo ya imbwa?"

Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Ilikuwa kweli yote: sinagogi, mlango, na Madame Ruth mwenyewe ambaye alikuwa amemshikia simu sikioni.

Siku hiyo hiyo nilimweleza mama habari za mwanawe. Nilimweleza yote isipokuwa lile jina.

Baadaye nilijikaza nikamuuliza Madame Ruth, kama mtu anayeuliza kwa kupita tu, kwa nini walitaka jina la mama. Akajibu kwamba kwao mgonjwa anaombewa kwa jina lake na la mama yake. Aliyekufa ndiye anayekumbukwa kwa jina la baba. Nililisoma jibu lile nikiwa chumba cha walimu. Swali nililolishuku siku ya kwanza ndilo lililokuwa likiniambia kwamba mdogo wangu yuko hai.

Mtu mwingine angesahihisha pale pale. Mimi sikusahihisha. Kila siku nilijisemea kesho, na Jumamosi zikaendelea kupita, na Joséphine akaendelea kuwa na mwana.

Lipo na jambo jingine, ambalo sijawahi kuliandika mahali popote.

Siku vita vilipoingia mtaani kwetu, Byamungu alikuwa na miaka kumi na minane, mimi ishirini na mmoja. Baba alikuwa hawezi tena kutembea. Nilimtafuta Byamungu tumbebe baba pamoja, sikumwona. Nikampakia baba kwenye baiskeli ya kuazima, nikamsukuma kwenye barabara ya kusini, tairi la nyuma halina upepo, watu wanatupita kushoto na kulia. Mama alitukuta njiani baadaye. Byamungu hakutokea. Baada ya wiki tatu tukasikia yuko Burundi. Baba alifariki mwaka huo huo, na mpaka siku zake za mwisho aliuliza, yule kijana amefika?

Kwa hiyo watu wasiotujua waliponiandikia kwamba mdogo wangu ni shujaa, moyo wangu ulijifunga. Mtu aliyetukimbia sisi, damu yake, asimame mlangoni kwa ajili ya watoto wa watu wengine? Nilimuuliza kwenye simu kama ni kweli alisimama. Akasema, "Nilikuwa tu karibu na mulango, dada." Nikaona, hapo sasa. Hata yeye anakwepa.

Na kwetu hapa neno mlinzi lina harufu yake. Wanaosema wanatulinda wanakaa barabarani na kamba ya kuzuia njia, wanakuuliza umebeba nini. Mimi nikisikia mtu anapewa heshima kwa kulinda raia, kwanza naangalia mifuko yake.

Alhamisi ikaja barua. Ile jumuiya ya Wayahudi imealika familia za wote watatu waliosimama mlangoni. Wazazi wa daktari wa meno watatoka nchi nyingine, watoto wa yule mzee watatoka mbali pia, na sisi tutoke Uvira. Juma zima tutalala majumbani mwao, sio hotelini. Jumamosi wale watatu watasimama mbele ya watu wote, familia zao pembeni, wabarikiwe, halafu wote wapate chakula pamoja. Byamungu hajaambiwa, wanataka amwone mama yake anaingia tu. Mama atalala kwa Madame Ruth, chumba cha chini, asipande ngazi. Wanauliza anakula nini, na wanaomba radhi mapema kwamba samaki wasio na magamba hawapikwi kwao.

Niliisoma mara tano nikitafuta ndoano. Watu hawa wanataka nini kwetu? Nani anamlisha mama wa mfagiaji juma zima bila kumdai kitu? Mama anunuliwe tiketi, apewe kitanda, kwa ajili ya nini? Niligeuza kila mstari. Sikuona kitu cha kushuku isipokuwa mstari wa kwanza kabisa, na huo ulitoka kwangu.

Tunamwalika Madame Riziki Joséphine, mama mzazi wa Byamungu, pamoja na binti yake.

Wanataka jibu kesho Jumatatu, na picha za vitambulisho, ili wapeleke majina ubalozini. Mama yangu anaitwa Nabintu Marceline. Kwenye kadi yake hakuna Joséphine, wala kwenye ubatizo wake. Akifika ubalozini na jina ambalo halimo kwenye barua, atarudishwa mlangoni, na mwanawe hatamwona.

Barua nilimficha mama. Nikaipeleka kwa baba mdogo Fataki, mdogo wake marehemu baba, ambaye katika ukoo wetu hakuna fundo lisilomhusu. Akasoma, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Weye, barua ya watu wale haibadilishwi. Tubadilishe mama yako." Anamjua mtu sokoni mwenye mihuri yake mwenyewe. Siku mbili tu, akasema, na mama anakuwa Joséphine tangu kuzaliwa.

Nilikubali. Sitajipamba hapa. Ijumaa nzima na jana asubuhi nilikuwa nimekubali. Nilishaanza hata kutafuta maneno ya kumwambia: mama, kule wakiita Joséphine, uitike.

Jana mchana Madame Ruth akaandika kama kila Jumamosi. Safari hii akaongeza picha. Wale watoto waliokuwa ndani siku ile wamemchorea mama yetu michoro ya kumkaribisha. Karibu kila mmoja amechora mlango. Mbele ya mlango kuna mtu mweusi ameshika ufagio, na pembeni kuna mwanamke mkubwa kuliko nyumba, amevaa rangi zote, na juu ya kichwa chake wameandika JOSÉPHINE. Jina lenyewe wanalijua kwa moyo sasa, akasema Madame Ruth, kwa sababu wanalisikia kila juma.

Nilikuwa nimejitayarisha kuwadanganya watu wazima na ofisi. Watoto sikuwa nimewaweka kwenye hesabu.

Leo baada ya chakula nilimkuta mama uani akichagua mchele aliotumiwa na dada yake wa Bwegera. Nikakaa chini karibu yake, nikamwambia yote, kuanzia ule ujumbe wa kwanza mpaka mihuri ya baba mdogo. Hakuinua macho. Aliendelea kutoa mawe, moja moja, anayatupa pembeni.

Mwisho akauliza, "Na uyo Joséphine, iko muntu?"

"Iko mwanafunzi wangu, mama."

"Basi miezi minne watu wanamuombea mutoto wangu, na minye siko ndani."

Nilijitetea. Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyetufundisha kuficha jina lake. Akasema alinifundisha kunyamaza, hakunifundisha kuweka mwanamke mwingine mahali pake. Juu ya mihuri ya Fataki alisema kidogo tu: "Nifike kule, mutoto wangu aniite mama, na wale watoto waulize huyu ni nani? Hapana."

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikatoa na lile la chini kabisa. Nikamwambia kwamba sikutaka kuamini Byamungu alisimama pale mlangoni, kwa sababu sisi alitukimbia. Alimwacha baba.

Mama akaweka ungo chini.

"Hakukimbia. Minye njo nilimusukuma mu mutumbwi. Walikuwa wanakamata vijana, nyumba kwa nyumba. Alilia, alitaka kurudia baba yake. Nikamupiga kofi, nikamuambia uende."

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Baba alikufa akiuliza! Mama akatazama mchele wake.

"Baba yako, angenisamehe? Na weye ulikuwa na hasira. Ile hasira njo ilisukuma baiskeli. Nikaogopa kukuondolea. Kisha nikazoea."

Nilishikwa na hasira mpya pale pale, ya kwake yeye, na haikukaa hata dakika moja, kwa sababu mimi nilikuwa na nini cha kumwambia? Miaka yote nimemhukumu kijana aliyepigwa kofi apande mtumbwi. Nilikuwa nikipokea simu zake kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa. Alikuwa ananiuliza, dada, uko sawa? Nilikuwa namjibu, tuko.

Tukaandika ujumbe. Yaani mimi niliandika, kwa Kifaransa, mama amesimama nyuma yangu. Nilimwambia Madame Ruth kwamba jina nililowapa ni la uongo, kwamba niliwadhania wachawi na matapeli, na kwamba mama hakujua lolote. Nikaandika jina lake la kweli. Nikaongeza kwamba ikiwa kosa hili lazima liondoe mtu kwenye barua, waniondoe mimi, wamwache mama.

"Soma," mama akasema. Nikamsomea, nikitafsiri neno kwa neno.

"Soma tena." Nikasoma tena.

Kisha akanyoosha mkono akachukua simu mkononi mwangu, akajifunga kitenge vizuri, akatoka uani. Nilidhani anakwenda chooni na hasira zake. Alikuwa anavuka njia kwenda kwa Mama Vumilia, jirani anayesoma masomo kanisani na aliyesoma Kifaransa kwa masista. Niliwaona toka hapa nilipo, vichwa viwili juu ya simu yangu, Mama Vumilia anafuata maneno kwa kidole na mama anaitikia kwa kichwa.

Mama yangu hajui kusoma sana. Tangu baba afariki, mimi ndiye macho yake. Karatasi za hospitali, barua za Byamungu, hata Zaburi, ananiambia soma, na nikishasoma basi, imekwisha. Leo ametafuta shahidi.

Amerudi baada ya muda. Hakuniangalia usoni. Akasema, "Iko sawa. Jina langu iko," na akabonyeza yeye mwenyewe kwa kidole gumba, ujumbe ukaenda. Kisha akarudi kwenye mchele.

Ujumbe umefika na umesomwa. Jibu halijaja. Nimeona pale juu kwenye simu kwamba Madame Ruth anaandika, akaacha, akaandika tena, akaacha. Wanaweza kutukatalia kesho na watakuwa na haki. Wanaweza kumwambia Byamungu, naye atajua dada yake ni mtu wa namna gani. Hayo yote yananiogopesha, sikatai.

Lakini kinachoniuma zaidi kiko hapa uani, mita tatu kutoka kwangu. Nimeshuku namba ngeni, jirani wa mfereji, watu wa sala, na mdogo wangu mwenyewe, na kila mara nilijiita mwenye busara. Leo nimeshukiwa na mama yangu, kwa haki kabisa.

Madame Ruth akijibu lolote kesho, jema au baya, simu nitampelekea Mama Vumilia kwanza, asome yeye, mama akiwa anasikiliza. Nitafanya hivyo mpaka siku mama atakaponiambia mwenyewe, soma weye. Je, siku hiyo itakuja kabla ya safari, au ataondoka bila kuniamini?